Ndoa Imekwisha, Duka Bado Linadaiwa

Sheria ya Kongo haiwaruhusu mume na mke kukubaliana kuachana. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inataka mmoja wao aende mahakamani kudai talaka, na hakimu ajiridhishe kwamba ndoa imeharibika kiasi cha kutoweza kuungwa tena. Wazee hawavunji ndoa. Kanisa halivunji, na karatasi waliyosaini wawili mbele ya mashahidi haivunji pia. Kuhusu mali, mambo ni mengine: hapo sheria imeacha mlango wa mapatano wazi, na Butembo na Beni, miji ya wafanyabiashara na wakulima wa kakao, watu hupita mlango huo kila siku. Wengi huupita vibaya.

Ubaya huanza na mpangilio wa kikao cha wazee. Wanakaa upande wa mume na upande wa mke, mchungaji au katekista, pengine na shefu wa kartie. Kwanza linazungumzwa kosa: nani alianza, nani alionekana wapi. Halafu wanakuja mbuzi wa mahari, halafu watoto. Mali hufikiwa jioni, watu wamechoka na chakula kinangojwa, na hugawanywa kama hukumu ya kosa lile la asubuhi. Aliyeonekana mkosaji anaambiwa achukue nguo zake aondoke.

Sheria haiijui adhabu hiyo. Hakimu anaweza kumpa fidia au msaada wa kuishi yule aliyeumizwa na talaka, lakini hesabu hiyo ni tofauti na mgawo wa mali ya pamoja. Hata mahari haiingii katika mgawo. Kwa mujibu wa sheria, mahari hutolewa kwa manufaa ya wazazi wa binti. Haikuwa mali ya maharusi hata siku moja. Koo mbili zikitaka kubishana juu ya mbuzi, ugomvi huo ni wao. Kumkata mke nusu yake ya nyumba eti kufidia mbuzi walioliwa na baba na wajomba zake ni kumlipisha deni la watu wengine, na ajabu ni kwamba hata ndugu zake mwenyewe hukubali, ilimradi wasidaiwe wao.

Mali ya pamoja ni ipi basi? Siku ya ndoa, ofisini komini, afisa anapaswa kuwaeleza maharusi taratibu tatu: kila mtu na mali yake, ushirika wa mali zote, za kabla ya ndoa na za baadaye, na ushirika wa mali zilizochumwa ndani ya ndoa. Siku ile akili za watu ziko kwenye picha na ukumbi, kwa hiyo maelezo hupita kama tangazo la redio. Wasiochagua chochote, sheria inawahesabu kuwa wamechagua utaratibu wa tatu. Alichokuwa nacho mtu kabla ya ndoa kinabaki chake, pamoja na urithi na zawadi aliyopewa yeye binafsi. Vilivyopatikana wakati wa ndoa, kwa jasho la yeyote kati yao, ni vya wote wawili, na ushirika unapovunjika hugawanywa nusu kwa nusu. Kitu ambacho hakuna anayeweza kuthibitisha kuwa ni chake peke yake huhesabiwa kuwa cha pamoja.

Majirani hawana kanuni hiyo. Kenya, Mahakama ya Juu iliamua Januari 2023 kwamba katiba haiwapi wanandoa nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Uganda ilikuwa imeamua mwaka 2013 kwamba kuoana peke yake hakugeuzi mali ya mtu mmoja kuwa ya wawili. Tanzania wanafunzi wa sheria hufundishwa kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali. Husahaulika kwamba Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu: majaji waliona mumewe alikwisha kumpa fedha za kuanzisha biashara, naye akazitapanya. Alishinda hoja, akakosa mali.

Kwa kulinganisha, mama wa Butembo aliyeandikisha ndoa yake hana haja ya kuhesabia mahakama sahani alizoosha. Kwenye karatasi, yuko mbele ya mwenzake wa Nairobi au Kampala. Shida ni hiyo karatasi.

Wengi hawanayo. Wameoana kimila, mahari imekwenda, watoto wamezaliwa, na hakuna aliyekwenda kusajili, ingawa sheria inataka ndoa ya kifamilia isajiliwe ndani ya mwezi mmoja. Wengine wana cheti cha kanisa tu, na cheti hicho, hata kiwe na muhuri wa parokia, hakifungi ndoa mbele ya dola. Wengine waliishi tu pamoja. Mke wa kundi hili la mwisho hawezi kudai nusu kwa jina la ndoa. Itambidi athibitishe kitu kimoja kimoja: bati hizi nilinunua mimi, parseli hii tulilipa wote. Akiwa na risiti anasikilizwa. Asipokuwa nayo, anabaki na mashahidi, na mashahidi wengi ni shemeji zake.

Parseli nazo zina karatasi zake. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni mali ya dola, na raia anamiliki haki ya kuitumia, inayothibitishwa na hati ya usajili inayotolewa na konservateri. Katika Butembo, panda vilima vya Bulengera au Vulamba uulize hati hizo. Mara nyingi utaonyeshwa karatasi ya mauzo yenye saini za muuzaji, majirani na shefu, na jina la mnunuzi mmoja, mwanamume. Kati ya mume na mke jina hilo peke yake halitoshi kumnyima mke, ikiwa parseli ilinunuliwa ndani ya ndoa. Marekebisho ya 2016 yalifuta ruhusa ya mume ambayo mke alihitaji zamani ili afanye mkataba, yakaweka badala yake kanuni kwamba wote wawili lazima wakubaliane, na wasipokubaliana aliyeonewa aende mahakama ya amani. Lakini kipengele kinachosema mume ni mkuu wa nyumba kilibakizwa, na mtaani ndicho kinachokumbukwa.

Hata hivyo nyumba ndiyo sehemu nyepesi. Inaonekana, inapimika. Kinachowashinda wazee wa Butembo, na mawakili pia, ni duka.

Butembo ni mji uliojengwa na biashara ya mbali. Bidhaa hununuliwa Dubai au Guangzhou, hushuka Mombasa, hupita Kampala na kuingia kwa mpaka wa Mpondwe na Kasindi. Sehemu kubwa ya safari hiyo hutembea kwa mkopo na kwa neno la mtu. Mwenye duka la vikwembe anadaiwa na mwenye depo, mwenye depo anadaiwa na mwenzake aliyejumuisha naye kontena, na mama wa Lubero aliyechukua mzigo atalipa akishauza. Siku wanandoa wanapotengana, mali yao iko barabarani, imegawanyika katika ahadi za watu ambao hawakualikwa kwenye kikao.

Tuchukue hesabu ya mfano. Rafu za duka zina bidhaa za dola 18,000. Wateja wanadaiwa 6,000, na kwa anayewajua, 4,000 zitalipwa. Mwenye depo anadai 9,000. COOPEC, ushirika wa akiba na mikopo, iliwakopesha, na bado 3,000. Wazee wanaingia dukani, wanatazama rafu, wanasema: nusu kwa nusu, mama achukue bidhaa za 9,000. Inasikika kama haki. Lakini mume anabaki na bidhaa za 9,000, madeni ya wateja 4,000, na deni la 12,000 shingoni. Amebaki na dola 1,000, na mwenye depo atakuja Jumatatu. Hesabu iliyo sawa ni 18,000 kujumlisha 4,000, kutoa 12,000: mali halisi ni 10,000, na kila mmoja ana 5,000.

Mama yeyote aliyewahi kuuza sokoni anajua udanganyifu unaotumika upande wa pili. Baba anakuja kikaoni na madeni mapya ambayo hayajasikika nyumbani miaka yote: rafiki wa Beni alimkopesha 4,000 kwa mdomo, binamu wa Kampala 3,000. Madeni hayo yakiingia, ile 10,000 inabaki 3,000, na nusu ya mke ni 1,500. Dawa yake ni kanuni ngumu inayopaswa kuwekwa kabla ya hesabu kuanza: deni lisilo na daftari, ankara, ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money wa tarehe ile, au mdai mwenyewe aliyekuja kuketi na kuulizwa maswali, lisihesabiwe. Kanuni hiyo imfunge mke pia, kwa sababu naye ana likelemba.

Likelemba ndiyo benki ambayo waume wengi hawaijui hesabu yake. Wanawake kumi na wawili, kila mwezi dola 100 kila mmoja, na mmoja anachukua 1,200. Ndoa ikivunjika mwezi wa nane na zamu ya mama ni ya kumi na mbili, ameweka 800 zilizotoka kwenye mapato ya nyumba; ni mali ya wote. Ikiwa zamu yake ilikuwa ya pili, amekwisha kula 1,200 akaweka 800, basi ana deni la 400, na pesa ile huenda ndiyo iliyonunua bati za jiko. Kikao kinachohesabu duka la baba na kuiacha likelemba ya mama, au kinyume chake, kimehesabu nusu ya nyumba.

Sheria ya biashara inaongeza ugumu wake. Kongo iko katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu Septemba 2012, na sheria ya OHADA inasema mwenzi wa mfanyabiashara hahesabiwi kuwa mfanyabiashara mpaka awe anafanya biashara kama kazi yake mwenyewe, mbali na ile ya mwenzake. Mama aliyesimama nyuma ya meza ya duka miaka kumi, anayejua bei ya kila kitambaa na jina la kila mdaiwa, si mfanyabiashara machoni pa sheria hiyo ikiwa duka limeandikishwa kwa jina la mume. Kanuni hiyo inamkinga asidaiwe binafsi kama mfanyabiashara, lakini haimpi jina sokoni. Haki yake katika thamani ya duka inatoka kwenye ndoa, haitoki kwenye kazi yake. Kwa hiyo anarudi palepale: ndoa iwe imesajiliwa.

Je, waendelee na duka wakiwa washirika? Wapo wanaojaribu, hasa watoto wakiwa wadogo. Ushauri wa safu hii ni wasijaribu. Wenye depo hukopesha uso wanaoujua, na nyuso mbili zinazogombana hufunga mkopo haraka kuliko hasara. Bora mmoja abaki na duka na madeni yake yote, amlipe mwenzake nusu ya mali halisi kwa awamu. Zile 5,000 za mfano wetu zinaweza kulipwa 500 kila mwezi kwa miezi kumi, kwa dola, siku iliyotajwa, kwa simu ili ushahidi ubaki. Parseli iwekwe kama dhamana mpaka awamu ya mwisho. Anayebaki na duka si lazima awe mume. Abaki yule ambaye wadai watamwamini.

Shambani hesabu inabadilika tena. Kuzunguka Butembo mashamba mengi ya mikaratusi yamepandwa kwenye ardhi ambayo mume aliachiwa na baba yake. Ardhi ni yake, au ya ukoo wake, na mke hana nusu humo. Miti, je? Ilipandwa mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa miche iliyonunuliwa kwa pesa ya nyumba, ikapaliliwa na mke. Kwa fikra ya sheria, mali binafsi ya mmoja ikineemeka kwa gharama ya mfuko wa pamoja, mfuko huo unadai fidia. Kwa lugha ya shambani: kilima ni cha ukoo, milingoti ni ya wawili. Familia nyingi zingeielewa hoja hii kama ingeletwa hivyo, kwa sababu mila yenyewe inatofautisha mwenye udongo na mwenye mazao.

Upande wa Beni mti ni kakao, na ugomvi ni mkali zaidi. Mkakao huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa, halafu huzaa kwa miongo. Bei ya dunia, iliyozoeleka kuwa chini ya dola 3,000 kwa tani, ilivuka 10,000 mwaka 2024, kisha ikashuka. Nani atakayepanga bei ya shamba kwa hali hiyo, tena shamba ambalo huenda liko upande ambao waasi wa ADF hupita, na mavuno yake hayana uhakika wa kufika mjini? Wakikata thamani ya pesa leo, mmoja wao atajuta kesho. Mapatano yenye akili yanagawa mavuno: kwa misimu kadhaa iliyotajwa, anayelima achukue sehemu ya kazi yake kwanza, na kinachobaki kigawanywe mbele ya mnunuzi, siku ya mzani.

Watoto wasiandikwe katika orodha moja na mabati. Kimila, kwa Wanande, wenyeji wa eneo hili, mtoto ni wa ukoo wa baba. Kisheria hakimu anaangalia masilahi ya mtoto na anaweza kumpa mama malezi. Makubaliano yanayosema tu kwamba baba atasaidia hayana meno. Yaseme karo ya sekondari italipwa na nani kila Septemba, nani analipia hospitali, na mtoto analala wapi likizo.

Katika eneo la Beni ndoa nyingi hazikuvunjwa na talaka. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewaacha wajane wengi, na kwa mjane hakuna wa kupatana naye ila ndugu za marehemu. Hapa kosa la hesabu ni moja na hurudiwa: familia inakalia urithi kabla ya kutenga mali ya ndoa. Inapaswa kuanza kwa nusu ya mjane, ambayo si urithi. Ni yake tangu siku ilipochumwa. Nusu ya marehemu ndiyo inayorithiwa: robo tatu kwa watoto, na robo iliyobaki kwa makundi matatu, yaani mjane, wazazi, na ndugu wa marehemu, kila kundi sehemu moja ya kumi na mbili. Kwa ndoa ya ushirika, mjane ana nusu nzima na moja ya ishirini na nne ya yote, tena ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi. Wanaomwambia arudi kwao wamerithi kabla ya kuhesabu.

Kuna dhana kwamba kwa sababu ya hali ya dharura ya kijeshi, iliyoanza Kivu Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021, raia hawana tena mahakama. Mahakama za kijeshi zilichukua kesi za jinai. Kesi za madai zilibaki kwa mahakimu wa kiraia, na sheria ya mwaka 2013 kuhusu mahakama imeipa mahakama ya amani mambo yote ya familia na urithi pamoja na migogoro ya ardhi ya kimila. Hilo ni jambo zuri kwa wanaoachana: nyumba ya mjini na shamba la ukoo vinaweza kufika mbele ya hakimu mmoja, na Beni na Butembo kila mji una mahakama yake ya amani.

Njia iliyo fupi, basi, ni hii. Wawili wakae na daftari kabla ya kukaa na wazee. Orodha ya kwanza iwe ya madeni, ya pili ya mali, ya tatu ya vitu ambavyo kila mmoja alikuja navyo au alirithi. Wazee waitwe baadaye kusikiliza na kushuhudia. Busara yao katika kupoza hasira haina mfano, ila kalamu ya hesabu isiwe mikononi mwao. Kilichokubaliwa kiandikwe kwa tarehe na kiasi, kipelekwe kwa noteri kwenye ofisi ya meya, kisha kiwekwe mbele ya hakimu pamoja na ombi la talaka ili kiingie katika hukumu. Makubaliano yanayobaki kwenye karatasi ya daftari la shule, chini ya godoro la mmoja wao, hayatamzuia mwenye depo kufunga duka wala shemeji kuuza mikaratusi.

Na kwa walioana lakini hawajaachana, walio wengi, iko kazi ya asubuhi moja tu: waende komini na cheti chao, waulize ni utaratibu gani wa mali umeandikwa humo. Wasiokuwa na cheti wasajili ndoa yao mwezi huu, wakati bado wanasalimiana.